Nyumba bila shamba: niliyojifunza kabla sijapata chama cha kweli

Mama yangu aliweka stakabadhi zake kwenye kopo la biskuti, juu ya kabati. Kila mwisho wa mwezi kijana wa mwenye shamba alipita na kitabu chake, akapokea kodi ya ardhi, akachana kikaratasi, nacho kikaingia koponi. Nyumba ile ya Kisauni ilikuwa yetu: boriti za mikoko, fito, udongo tuliotomea kwa mikono yetu, mabati tuliyonunua moja moja. Ardhi chini yake haikuwa yetu. Mtu wa Mombasa hahitaji kuelezwa jambo hili, lakini wageni hushangaa kusikia una nyumba na huna mahali ilipo.

Mzee mwenye shamba alipofariki, warithi wakauza. Tukapewa miezi mitatu. Tulipeleka kopo kwa wakili, akazipekua stakabadhi za miaka kumi na tisa, akasema zinathibitisha kitu kimoja tu, kwamba sisi ni wapangaji. Tukang'oa mabati, mlango na fremu mbili za madirisha, tukapakia kwenye mkokoteni. Kuta tukaziacha.

Mambo haya hayakuanza na mzee yule. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kusajili ardhi katika ukanda wa maili kumi wa Pwani. Aliyefika na madai yake akayathibitisha alipata hati. Ardhi ambayo haikudaiwa ikahesabiwa ya serikali. Wengi hawakujua, au hawakuona haja ya kwenda kudai mahali walipozikwa babu zao. Wajukuu wao ndio leo wanaoitwa maskwota.

Kwa hiyo niliposikia habari za vyama vya nyumba, watu wanaochanga pamoja wanunue ardhi na kujenga, nilikimbilia. Na ndipo nikaliwa mara ya pili.

Kile cha kwanza kilikuwa chama cha kawaida tu, watu ishirini na kitu wa Changamwe, tukichanga kila Jumamosi. Hatukusajiliwa popote. Dalali akatuletea nakala ya hati miliki ya ploti upande wa bara, karatasi safi, muhuri unang'aa. Tukalipa arbuni. Sachi, yaani kuulizia hati kwenye rejista ya ardhi, tuliifanya baada ya kulipa. Naam, baada. Rejista ikaonyesha ardhi iko rehani benki, na simu ya dalali ikawa haipatikani. Nimewahi kumlaumu mwenyekiti wetu, lakini ukweli ni kwamba sote tulishika ile karatasi, tukaipitisha mkono kwa mkono, na hakuna aliyesema twende tukaulize kwanza.

Basi nikuambie ninavyofanya sasa. Nambari ya hati (huku kwetu nyingi bado zinaanza na CR) naipeleka mwenyewe ofisi ya ardhi, sipokei sachi iliyofanywa na muuzaji. Namchukua mpimaji niliyemlipa mimi, aende anionyeshe mawe ya mpaka yalipo. Kisha nakwenda pale bila dalali, saa za jioni watu wakiwa nyumbani, nawauliza majirani: hapa kodi mnamlipa nani? Swali hilo limeniokoa kuliko wakili yeyote. Na nikikuta kuna watu wanaishi juu ya ardhi hiyo, naondoka, hata bei iwe ya kutupa. Sitaki kuwa yule aliyempa mama yangu miezi mitatu.

Chama cha pili ndicho nilichomo hadi leo. Hiki ni ushirika wa nyumba uliosajiliwa. Sheria ya Kenya inataka wanachama wasiopungua 10, katiba ya chama, mkutano mkuu kila mwaka na hesabu zilizokaguliwa. Faida kubwa iko hapa: ushirika uliosajiliwa unaweza kumiliki ardhi kwa jina lake. Kile cha kwanza kisingeweza; hata tungefanikiwa, hati ingeandikwa kwa majina ya watu watatu wanne, na siku mmoja akifa mnaanza kesi na watoto wake.

Juu ya vyama kama chetu kuna muungano wa kitaifa, NACHU, ulioanzishwa mwaka 1979. Wanachama wake ni vyama vyenyewe. Kazi yake ni kufundisha viongozi, kusaidia mambo ya kiufundi na kukopesha kwa ajili ya kununua ardhi, kujenga au kukarabati. Usikichanganye chama cha aina hii na ile tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 inayokatwa kwenye mshahara kwa sheria ya 2024. Tozo ni mchango wa lazima na haikupi hisa wala sauti. Kwenye ushirika, mwenye hisa mia na mwenye hisa tano wana kura moja moja.

Kilichonifungua macho zaidi ni mji wa Voi. Miaka ya tisini mwanzoni, wakazi wa mtaa wa Tanzania-Bondeni walichagua kuishika ardhi yao kwa pamoja. Nyumba ni ya mtu, ardhi ni ya wote. Ukiondoka, unauza ulichojenga, udongo unabaki. Nilipoelezwa nilicheka. Si ndiyo nyumba bila shamba ile ile? Tofauti ni kwamba mwenye shamba ni nyinyi wenyewe, na hana warithi wa kuuza.

Sisi hatukufuata mfumo ule wote, lakini tuliweka kifungu: anayetaka kuuza anakiuzia chama kwanza. Kifungu hicho kilituchukua vikao vitatu na ugomvi mmoja mkubwa, jamaa wa tuktuk akisusa na kutoka na kiti chake cha plastiki. Alirudi. Ukiona chama ambacho vikao vyake ni vya dakika ishirini na kila mtu anakubali, mimi ningekuwa na wasiwasi.

Kuhusu ujenzi sina mengi. Tulichimba msingi wa vyumba vitatu, tukainua kimoja, tukahamia. Vingine vinakuja fedha zikija. Majirani walisema tunajenga magofu, na kweli nondo zilizochomoza si pambo, tulizifunika kwa simiti dhaifu zisile kutu kwa hewa ya bahari. Lakini kodi ya nyumba tuliyokuwa tukimlipa mtu sasa inalipa mkopo. Tunadhaminiana: mmoja akikwama, wenzake hugongewa mlango kabla yake. Inauma, nakuonya mapema. Kuna mwezi nilimlipia mama muuza samaki, na mwezi mwingine yeye akanilipia mimi, na hatukusalimiana vizuri kwa muda.

Mama nimemhamishia huku, na kopo lake. Sasa lina stakabadhi za hisa. Mwisho wa mwezi bado huniuliza kama mwenye shamba ameshapita. Namwambia mwenye shamba ni yeye, na mchango wake wa mwezi uliopita haujaonekana.