Upepo wa Baridi, Jua la Kuunguza

Barua za mwezi huu zinahusu nyanya, ng'ombe, mtoto wa shule na mkono wa dereva. Tumeziweka pamoja kwa sababu karibu zote zina kosa moja nyuma yake: kupima ukali wa jua kwa joto.

SWALI: Kamwene wahariri. Huku kwetu mwezi wa saba tunavaa makoti hadi mchana. Lakini baada ya siku mbili za kuvuna viazi midomo yangu ilibabuka na pua ikachunika. Jua linaunguzaje kwenye baridi namna hii?
Mkulima, Makete

JIBU: Kamwene. Kinachobabua ngozi si joto, ni miale ya urujuanimno. Jicho haliioni na ngozi haiihisi inapopiga. Maumivu huja saa kadhaa baadaye, ukiwa umesharudi nyumbani. Upepo wa Makete unaondoa joto tu. Miale yenyewe inabaki palepale.

Tena huko juu inazidi. Hewa ndiyo inayoichuja, na kadiri unavyopanda hewa inapungua: kila mita 1,000 huongeza miale hiyo kwa karibu asilimia 10. Mbeya mjini ni takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Uwanda wa Kitulo ni kama 2,600. Mawingu mepesi nayo si kinga, yanaweza kupitisha hadi asilimia 80 ya miale.

Kipimo kizuri hakiuzwi dukani: ni kivuli chako. Kikiwa kifupi kuliko urefu wako, jua ni kali, hata kama unatetemeka. Msiifuate saa sita kwa mazoea. Saa zetu zinafuata mstari wa longitudo wa nyuzi 45 mashariki, na Mbeya iko karibu nyuzi 33 na nusu, hivyo jua la Mbeya hufika juu kabisa kati ya saa sita na nusu na saa saba kamili, kutegemea mwezi. Mwezi Juni kivuli huwa kifupi kuliko mtu kuanzia kama saa tano kasoro dakika ishirini hadi saa tisa kasoro. Katikati ya Oktoba na mwishoni mwa Februari, jua linapopita utosini, hali hiyo huanza kabla ya saa nne asubuhi na huendelea hadi karibu saa kumi.

Midomo huumia mapema kwa kuwa ina melanini kidogo, ile rangi ya ngozi inayoikinga na jua, na upepo mkavu unaongezea mpasuko. Mafuta ya mgando yanatibu ukavu lakini hayachuji miale. Vaa kofia yenye ukingo mpana na upake midomo mafuta yaliyoandikwa SPF 15 au zaidi. SPF ni namba ya kinga dhidi ya jua.

SWALI: Habari za kazi. Nina mtoto wa miaka saba mwenye ualbino, ameanza darasa la kwanza. Nimepewa chupa moja ya losheni ya kuzuia jua. Nampaka asubuhi, lakini jioni anarudi shingo na masikio ni mekundu. Je, losheni ni feki?
Mama Neema, Mafinga

JIBU: Mama Neema, huenda losheni haina kosa. Tuanze na hesabu. Namba ya SPF hupimwa losheni ikiwa imepakwa nene, miligramu 2 kwa kila sentimita ya mraba, na watu wengi hupaka nusu ya hapo au chini zaidi. Kwa mtoto wa umri huo weka nusu kijiko cha chai usoni na masikioni, nusu nyingine shingoni mbele na nyuma, na nusu kwa kila mkono kuanzia begani. Hiyo ni mililita 10 kwa mpako mmoja. Mpake dakika 20 kabla ya kutoka na rudia kila baada ya saa mbili akiwa nje, au mara moja akishanawa au kutoka jasho jingi. Mpako wa saa moja asubuhi haumfikishi kwenye mapumziko ya saa nne.

Sasa ona: mipako miwili tu kwa siku inamaliza chupa ya mililita 100 ndani ya siku tano. Ndiyo maana sisi tungeanza na shati kabla ya chupa. Mikono mirefu, kola ya kusimama, suruali au sketi ndefu. Hapo losheni inabaki kwa uso, masikio, shingo na migongo ya viganja, na chupa inafika siku nane hivi. Kitambaa kiwe kimefumwa kwa kubana: kinyanyue kuelekea juani, ukiona mwanga unapenya kama kwenye chujio la chai, hakifai. Fulana nyeupe nyepesi ni kinga dhaifu, na ikilowa inazidi kudhoofika.

Kofia iwe na ukingo wa sentimita 8 pande zote. Kapelo hufunika paji la uso na kuacha masikio na shingo, yaani palepale unapopaona pekundu. Kama shule hairuhusu kofia na sare, nenda kamwone mwalimu mkuu mapema. Mstarini, michezo na bustani ya shule ndizo saa zinazomuumiza. Mwombe pia mtoto akae mbele, karibu na ubao, bila kuangaliana na dirisha, kwa sababu macho yake nayo yanakosa melanini na mwanga mkali unamnyima kuona.

Ngozi yake ina seli za kutengeneza rangi kama ya mtoto mwingine yeyote. Kinachokosekana ni melanini yenyewe. Kwa kawaida chembechembe zake hujipanga juu ya kiini cha seli kama mwavuli na kukinga chembe za urithi. Bila mwavuli huo, uharibifu wa kila siku unajumlishwa mwaka hadi mwaka, na saratani ya ngozi inaweza kuja mapema. Kila mwezi mkague uso, masikio, mdomo wa chini, shingo na migongo ya viganja. Gamba gumu linalotoka na kurudi, au kidonda kisichopona kwa wiki nne, kionwe na daktari. Kikiwa kidogo hukatwa kwa urahisi. Mafuta ya nazi na ya mgando hayachukui nafasi ya losheni. Hospitali ya KCMC ya Moshi imekuwa ikitengeneza losheni ya Kilisun mahususi kwa watu wenye ualbino. Uliza hospitali ya wilaya au viongozi wa chama cha watu wenye ualbino jinsi inavyopatikana kwako. Usiihifadhi dirishani wala juu ya bati, joto huiharibu.

SWALI: Nyanya zangu zina madoa meupe ubavuni, baadaye yanaota ukungu mweusi. Nimepiga dawa ya ukungu mara tatu, hakuna nafuu.
Mkulima, Ilula

JIBU: Acha kwanza kununua dawa. Doa la kuanzia si ugonjwa, ni jua. Likikaa upande mmoja, ule unaotazama jua, likiwa jeupe au la manjano na ngozi imekuwa kama karatasi, tunda limebabuka. Ukungu mweusi ni mgeni aliyeingia kwenye mlango uliokwisha kuvunjwa. Kama doa lingekuwa kitakoni na la rangi ya kahawia iliyobonyea, tungesema ni kuoza kitako, na tiba yake ingekuwa kumwagilia kwa mpangilio ili kalisi ifike kwenye tunda.

Tunda lililo wazi juani linaweza kuwa na joto la nyuzi 10 au zaidi kuliko hewa inayolizunguka. Tunda likipita nyuzi 30 halitengenezi vizuri rangi nyekundu, ndiyo maana mengine hubaki na mabega ya manjano. Likipita 40, ngozi yenyewe inakufa.

Swali la kujiuliza ni hili: majani yaliyokuwa yanalifunika yamekwenda wapi? Mara nyingi ni bakajani imeyakausha, au vijana wamekatia kupita kiasi wakitaka nyanya "zipate mwanga". Nyanya haihitaji mwanga kwenye tunda ili iive. Jani ndilo linalouhitaji. Ondoa vichipukizi vya kwapani na majani ya chini yanayogusa udongo, uishie hapo. Majani mawili au matatu yaliyo juu ya kila kishada usiyaguse. Dawa ya bakajani ipigwe mapema, kulinda majani, si baada ya matunda kuwa uchi. Shamba lililokwisha kuachwa wazi unaweza kulinusuru kwa kutandaza nyasi kavu nyepesi juu ya vishada, au neti ya kivuli cha asilimia 30. Na matenga yasisubiri gari juani. Nyanya iliyovunwa haipati tena maji ya kujipoza.

SWALI: Miche ya parachichi ilikuwa mizuri kitaluni. Wiki moja baada ya kupanda majani yamekuwa meupe kama yamepikwa, na udongo una unyevu wa kutosha. Tatizo nini?
Njombe

JIBU: Mmetoa jani la kivulini mkalitupa juani siku moja. Jani lina breki zake: rangi za njano zinazogeuza mwanga uliozidi kuwa joto lisilo na madhara. Lililokulia kivulini ni jembamba na lina breki chache, hivyo mwanga uliozidi unavunja mitambo yake ya ndani. Baridi ya Njombe inaongeza tatizo: asubuhi yenye ubaridi mkali na jua jeupe, kazi ya kutengeneza chakula inakwenda polepole huku mwanga ukimiminika uleule. Tazameni maharage saa saba mchana, yanavyosimamisha majani yake wima ili jua lipite pembeni. Mche mchanga wa parachichi hauna ufundi huo.

Punguzeni kivuli cha kitalu kidogo kidogo kwa siku 10 hadi 14 kabla ya kupanda. Pandeni jioni au siku ya mawingu, na msimike matawi yenye majani upande wa magharibi wa mche, jua la alasiri linakotokea. Miche iliyokwisha kuungua msiing'oe kama ncha bado ni ya kijani. Itatoa majani mapya yaliyozoea. Shina lililo wazi lipakeni rangi nyeupe ya maji iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Rangi ya mafuta itaua gome.

SWALI: Ng'ombe wangu wa maziwa ana mabaka meusi na meupe. Ngozi inachunika kwenye meupe tu, meusi ni mazima. Jirani anasema amerogwa.
Mfugaji, Tukuyu

JIBU: Si uchawi. Mpaka ulionyooka kati ya meusi na meupe ndio utambuzi wenyewe. Ugonjwa wa mapele ngozi hauchagui rangi. Jua linachagua.

Ng'ombe huyu huenda ana tatizo la ini. Majani yakimeng'enywa, klorofili huacha kitu ambacho ini lenye afya hukitoa kupitia nyongo. Ini likiumia, kitu hicho hubaki kwenye damu, kikafika kwenye ngozi, na mwanga ukikipiga kinaunguza kutokea ndani. Kwenye mabaka meusi melanini huzuia mwanga usifike. Mshukiwa wa kwanza ni lantana, kile kichaka cha uani chenye majani ya kukwaruza na vimaua vya njano na waridi. Angalia kama amekula au kimeingia kwenye majani unayomkatia.

Leo hii mwingize bandani penye giza, mchana kutwa. Mpe nyasi kavu badala ya mbichi, na maji mengi. Angalia weupe wa macho kama umegeuka njano. Mwite daktari wa mifugo, kwa kuwa ini ndilo la kutibiwa, ngozi ni dalili. Usimpake oili chafu. Vidonda vioshwe kwa maji ya chumvi na vikingwe na nzi.

SWALI: Mkono wangu wa kulia umekuwa mweusi na umekunjamana kuliko wa kushoto. Ni ugonjwa?
Dereva wa lori, Tunduma

JIBU: Ni dirisha, kaka. Usukani wetu uko kulia. Kioo cha mbele kina tabaka la plastiki katikati na huzuia sehemu kubwa ya miale. Cha pembeni huzuia ile inayobabua lakini hupitisha nyingi ya ile inayozeesha ngozi. Ukikifungua, zote zinaingia. Vaa mikono mirefu. Ukipewa doksisaiklini hospitalini, ongeza uangalifu, maana dawa hiyo huifanya ngozi iungue upesi.

SWALI: Nauza mboga nje. Nilitumia mkorogo, sasa uso unawaka nikikaa juani hata chini ya mwavuli.
Mwanjelwa, Mbeya

JIBU: Dada, ngozi nyeusi ina kinga ya asili inayokadiriwa kuwa sawa na SPF 13. Mkorogo umeivua. Haidrokwinoni na zebaki, kemikali za kung'arisha ngozi, huzuia melanini isitengenezwe, na dawa kali za steroidi zinazochanganywa humo huifanya ngozi kuwa nyembamba. Nenda kliniki ya ngozi na vikopo vyote ulivyotumia, kwa sababu steroidi ikiachwa ghafla uso unaweza kuvimba na kuwaka zaidi, na daktari ndiye atakayepanga namna ya kuiacha. Usijaribu limao: majimaji yake yakikutana na jua huacha madoa meusi. Mwavuli unazuia jua la moja kwa moja, ila miale mingi hutoka kila upande wa anga. Funga turubai juu na upande wa magharibi, na uongeze kofia.

SWALI: Viazi vilivyogeuka kijani vinaliwa?
Uyole

JIBU: Menya kwa unene sehemu ya kijani na ukate macho yote. Kikiwa kijani hadi ndani, au kichungu, tupa. Sumu yake, solanini, haiondoki kwa kuchemsha. Shambani pandishia udongo mara mbili, na gunia lisikae barazani kwenye mwanga. Viazi vya mbegu ni kinyume chake: hivyo vitandaze kwenye mwanga hafifu vigeuke kijani na kutoa machipukizi mafupi, magumu.