Kaktasi yangu ilikufa maji

Mhariri, wiki hii mmeuliza ni mmea gani wa nyumbani unaomfaa mkazi wa Dar asiye na muda. Majibu nayajua kabla hamjayachapa: kaktasi, kaktasi, kaktasi, na mmoja wa Mbezi atasema alovera. Haina kazi, watasema, ukiisahau mwezi mzima haikudai kitu. Mimi napinga. Mniwie radhi pia, maana sitajibu hasa mlichouliza. Mimi si mtu asiye na muda. Nilistaafu ualimu katikati ya mwaka 2023, na tangu hapo muda ndio kitu nilichonacho tele, kuliko hata hicho kiinua mgongo.

Miaka 31 nimefundisha sayansi shule ya msingi. Aliyepita darasani kwangu umwamshe usiku wa manane atakwambia: dungusi kakati, yaani hiyo kaktasi, huhifadhi maji kwenye shina, na miiba yake ni majani yaliyobadilika ili maji yasipotee. Niliichora ubaoni kwa chaki ya kijani kila mwaka. Kuishika, sikuwahi. Kwetu Muheza ulikuwepo mpungate nyuma ya zizi, ule wenye vipande bapa kama chapati, lakini huo tuliukimbia kwa miiba yake, hatukuuhesabu kuwa mmea wa sayansi.

Basi nilipostaafu binti yangu akaniletea kaktasi kutoka duka moja kubwa la mjini. Duara kama chungwa, mbavumbavu, imekaa kwenye kopo jeupe la kauri lenye vijiwe vya rangi juu, na utosini ua la njano. "Mama, hii haikusumbui. Maji mara moja moja tu."

Hiyo "mara moja moja" ndiyo iliyoniponza. Kwangu mara moja moja ilikuwa kikombe kimoja cha chai, kila asubuhi, baada ya kumwagilia mrehani na mchaichai. Ningeipitaje yenyewe bila kitu, kama mgeni asiyekaribishwa? Ua likadumu miezi mitatu bila kunyauka. Nikajisifu kwa majirani. Mwezi wa kumi nikawa nafuta vumbi, ua likabaki kwenye kitambaa pamoja na donge la gundi. Lilikuwa ua kavu la kubandikwa. Vile vijiwe navyo vilikuwa vimegandishwa kwa gundi, ndiyo maana sikuwahi kuuona udongo wa chini ukoje. Na kopo halikuwa na tundu. Mimi niliyewaandikisha watoto miaka yote hiyo kwamba mizizi inahitaji hewa sikuligeuza kopo hata siku moja kutazama kitako chake.

Ikaja vuli ya 2023, ile ya El Niño. Waliokuwepo hawahitaji kusimuliwa. Huu ni mji ambao hata mtaa uitwao Jangwani hufurika. Mmea wa jangwani ungejificha wapi? Lakini mimi nikaitoa barazani kwa makusudi, nikisema ipate maji ya Mungu. Ikanenepa. Mbavu zikajaa, ikang'aa, nikampigia binti yangu simu: imenawiri! Wiki iliyofuata ikainama upande wa mlango. Nikaishika kuinyoosha, kidole kikazama mpaka kwenye kifundo. Papai lililolala. Harufu yake sitaieleza, msije mkawa mnakula.

Nikaifunga kwa kanga, nikapanda daladala mbili mpaka kwa wale wauza maua wa kando ya Barabara ya Bagamoyo. Njiani abiria mwenzangu akaniuliza kama nimebeba mkate. Kijana aliyenipokea akaniamkia, akafungua kanga, akaangalia kidogo tu. "Shikamoo mama. Hii imekufa maji." Kwa upole kabisa, kama daktari wa zamani. Wahenga walisema mfa maji haachi kutapatapa. Ya kwangu haikutapatapa. Ilinenepa, ikatulia, ikafa.

Akafuta kisu kwa spiriti, akaanza kuikata kutoka chini, vipande vyembamba kama tango la kachumbari. Kila kipande katikati kina duara la rangi ya chai. Anakitupa, anafuta kisu, anakata kingine. "Bado, mama." Anakata. "Bado." Duara likawa linapungua: kama sarafu, kama kifungo cha shati, kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Kumbe uozo hupandia mizizini, na ukiuona kwa nje ujue ndani ulishamaliza safari. Juu kabisa kikabaki kipande kisafi, ukubwa wa limao. Ubavuni mwake kulikuwa na watoto wawili, mmoja mmoja kama gololi, akawang'oa kwa kidole. Akanipa masharti: kivulini, pasipo maji, wiki mbili au zaidi mpaka jeraha likauke ligeuke ngozi. Kisha juu ya mchanga mkavu. Maji usitie mpaka uone mizizi. Nikamrudishia masharti yote neno kwa neno, kama mwanafunzi hodari. Hakutaka hela, nikamwachia ya soda.

Nikavumilia siku nne. Siku ya tano nilijiuliza ni kiumbe gani huyu wa kulala na kidonda wiki mbili bila tone la maji. Nikakipanda kile kipande, tena kwenye udongo mweusi niliouchanganya na samadi, chakula cha mgonjwa. Nikanyunyiza kidogo tu. Ijumaa yake kilikuwa uji. Mtoto wa kwanza naye nilimtoa ndani nikamweka jua la saa sita siku hiyohiyo, akaungua. Kilichobaki kikaliwa na vidung'ata, wale wadudu weupe kama pamba. Wa pili nilimpa jirani yangu Mama Shufaa kabla sijamfanya lolote.

Mama Shufaa anauza chapati na maharage stendi. Saa kumi alfajiri ameshatoka, anarudi giza limeingia. Alichukua kopo la maziwa ya unga lililooza kwa kutu mpaka likatoboka, akatia mchanga, kokoto na vipande vya tofali vilivyobaki walipojenga choo, akakidumbukiza kile kigololi, akaweka juu ya ukuta chini ya ukingo wa bati, mahali panapopata jua la asubuhi na mvua hapafiki. Basi. Mwezi uliopita nilipitia kwake, nikakuta kitu ukubwa wa ngumi kimezungukwa na watoto watatu.

"Mama Shufaa, hii unaimwagilia lini?"

"Ipi, Mwalimu?"

Alikuwa ameisahau. Alipoitazama akakumbuka kwamba maji aliyosuuzia vikombe huyamalizia huko wakati mwingine, akiwa hana haraka ya kufika jaani.

Nilipokaa kuandika barua hii nilitaka kuwakemea wanaodanganya watu kwamba kaktasi haina kazi. Hoja yangu bado naiamini. Dar si jangwa: tunapata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, na hewa yenyewe ina maji, tazameni chumvi inavyoganda kwenye kopo jikoni. Mimea hii hufungua matundu yake ya kupumulia usiku ili isipoteze maji kwa jua. Sasa usiku wa hapa, ambao hata binadamu analala akitoka jasho, unaipunguzia nini? Kwa hiyo inachohitaji kwetu ni kukauka: chungu cha udongo chenye tundu, mchanga mkubwa wa mto au kokoto ndogo nusu kwa nusu na udongo (wa ufukweni hapana, una chumvi), na masika yote usiiguse kwa maji. Hiyo ni kazi. Lakini ni kazi ya kujizuia, na mimi ndiyo iliyonishinda.

Halafu jina lenyewe tunaligawa ovyo. Alovera ni mshubiri, si kaktasi. Wenye miiba ukiukata ukatoa maziwa, huo ni ndugu wa mnyaa tunaojengea ua, na maziwa yake yakiingia jichoni mtawahi hospitali. Waridi la jangwani ni zuri na ni la hukuhuku kwetu kwenye nchi kavu, ila utomvu wake ni sumu, kwa hiyo mwenye wajukuu afikirie. Vile vimea vidogo ambavyo majani yake manene hujipanga kama ua la waridi, asili yake milima ya Mexico, penye usiku wa baridi, nimeshavizika viwili. Kaktasi zenyewe hasa ni za bara la Amerika, isipokuwa aina moja inayoning'inia kwenye miti ya misitu ya Afrika pia, na hiyo, ajabu, inapenda unyevu. Pengine ndiyo ingenifaa mimi.

Sasa naona nimejichongea. Mama Shufaa ndiye mtu mliyemuuliza, na kaktasi yake ndiyo iliyo hai. Basi andikeni: kaktasi, kwa asiye na muda, kwa sharti kwamba kopo lina tundu, lipo chini ya bati, na ndani ya nyumba hiyo hakuna mstaafu. Mstaafu apande mchicha, unaotaka maji asubuhi na jioni na haukasiriki. Mimi ninao matuta mawili.

Juzi Mama Shufaa alinikatia mtoto mmoja kati ya wale watatu, akanifungia kwenye gazeti. Nilishukuru sana, nikamwomba akae naye kwanza mpaka masika yapite.