Chai ya artemisia na mululuza: nipime kiasi gani?

Swali: Sisi ni wakulima wa mahindi karibu na Bweyale, Uganda. Kituo cha afya kiko mbali, kwa hiyo mtu akishikwa na malaria tunamchemshia mululuza (yale majani machungu ya Vernonia) au chai ya mmea wa artemisia. Wengi hupata nafuu siku ya tatu. Kipimo sahihi ni kipi?

Jibu: Ndugu mkulima, kipimo cha kuaminika hakipo. Artemisinini, kile kilichomo ndani ya artemisia kinachoua vimelea vya malaria, haiyeyuki vizuri majini. Mwanasayansi Tu Youyou na wenzake kule China miaka ya 1970 walifanikiwa kuitoa walipotumia kimiminika kiitwacho etha kwa joto dogo badala ya kuchemsha. Majani makavu gramu 9 kwa lita moja ya maji yalipopimwa yalitoa miligramu 94 hivi, karibu moja ya tano ya dozi ya siku ya mtu mzima. Ya shambani kwako hubadilika kwa mbegu, wakati wa kuvuna na ukaushaji.

Ile nafuu ya siku ya tatu ni ya kweli, na ndiyo inayodanganya. Artemisinini hukaa mwilini saa chache tu: vimelea vinapungua, homa inashuka, halafu vilivyosalia vinazaliana upya. Vidonge vya dawa mseto vina artemetha, ndugu ya artemisinini, ya kufagia na lumefantrini inayobaki siku kadhaa kumalizia. Chai haina mmaliziaji. Tena dozi hafifu huzoesha vimelea dawa, na kaskazini mwa Uganda usugu wa aina hiyo umeshaonekana.

Mululuza ni habari nyingine. Kwa wanyama wa maabara hushusha sukari ya damu, na malaria kali nayo huishusha, hasa kwa watoto. Mtoto aliyekataa kula usimnyweshe mululuza.

Anza kwa VHT (mhudumu wa afya wa kujitolea) wa kijijini: hupima na kutibu watoto wa chini ya miaka 5 bila malipo. Mtu mzima akithibitishwa ana malaria isiyo kali humeza vidonge 4 vya dawa hiyo mseto, vingine 4 baada ya saa 8, kisha 4 asubuhi na 4 jioni kwa siku mbili, jumla 24. Ameze pamoja na maziwa au mchuzi wa karanga, maana bila mafuta lumefantrini hufyonzwa kidogo. Akitapika ndani ya saa moja, arudie dozi hiyo.

Degedege, kulegea, kutapika kila kitu au mkojo mweusi: hapo tafuta bodaboda, usiwashe jiko. Mjamzito naye aende kituoni tangu homa ya kwanza.