Roboti yenye mwili au sura ya kwenye skrini?

Swali: Papa enjinia, nina famasi ndogo huku Katuba, Lubumbashi. Kijana mmoja ananiuzia msaidizi wa kwenye skrini wa kuongea na wateja. Shemeji yangu anasema nisubiri ninunue roboti kamili, eti watu husikiliza kitu chenye mwili. Ni kweli?

Jibu: Mama, shemeji hajakosea, na hapo ndipo pa kuogopa.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, waliipa roboti kazi ya kuwaomba watu mambo madogo, kisha ombi moja la ajabu: tupa vitabu hivi kwenye pipa la taka. Waliokuwa nayo chumbani walitii zaidi kuliko walioiona kwenye video. Roboti ileile, ombi lilelile. Kwetu Kongo tunazijua zile roboti za kuongoza magari kwenye njia panda alizobuni mhandisi Thérèse Izay Kirongozi, zilizoanza Kinshasa mwaka 2013. Haziwezi kumkimbiza dereva, lakini wapo wanaozisikiliza kuliko askari. (Haziombi kitu kidogo, hiyo nayo ni sababu.)

Sasa ubaya wake. Watafiti wa Georgia Tech, chuo kikuu kingine cha Marekani, walitangaza jaribio lao mwaka 2016: waliwasha kengele ya moto na kuweka moshi wa bandia kwenye jengo. Watu 26 walijaribiwa, mmoja mmoja, pamoja na roboti ya kuwaonyesha njia. Wote waliifuata roboti, ingawa nusu yao walikuwa wameiona ikikosea njia dakika chache tu kabla. Wote, mama!

Skrini nayo usiidharau. ELIZA, programu ya kompyuta ya kuongea na watu aliyoiunda Joseph Weizenbaum mwaka 1966, ilikuwa maandishi matupu, lakini katibu wake alimwomba atoke chumbani ili aongee nayo faraghani.

Kwa hiyo roboti achana nayo. Umeme wetu peke yake utaishinda. Skrini ichukue, itaje bei, saa za kufungua na dawa zilizopo. Kuchagua dawa kubaki kwako. Muulize kijana nani amepanga dawa ipi itajwe kwanza, kwa sababu mgonjwa aliyechoka hununua ile ya kwanza. Kama ni muuzaji wa jumla aliyelipia, utakuwa umemwajiri mchuuzi wake kwa pesa yako.

Na kabla ya kulipa, ijaribu mwenyewe: iulize dawa ya malaria ya mtoto, usitaje umri wala kilo. Ikikutajia idadi ya vidonge bila kuuliza uzito, mrudishie kijana mashine yake.