Nyumba ya Zamani: Uuze au Upangishe?

Barua za wiki hii karibu zote zinauliza jambo moja: mtu kahama, nyumba iko, afanye nini nayo? Nimechagua nne, na chini ya kila moja nimeweka jibu langu.

Nimepata uhamisho wa kikazi, mwezi ujao nahamia Nairobi. Nyumba yangu ya Bamburi, Mombasa, nilinunua kwa milioni 3.5 na nimeishi humo miaka 9. Leo kuna mtu wa kunipa milioni 8, na agenti anasema itapangika kwa 35,000 kwa mwezi. Nishike lipi?

Mama, anza na kile kitakachobaki mkononi mwako, usiangalie anachotoa mpangaji. Toa mwezi mmoja wa nyumba kukaa tupu, na huo mmoja ni bahati. Miezi 11 ni 385,000. KRA, mamlaka ya ushuru, inataka asilimia 7.5 ya kodi yote uliyopokea, kila mwezi kufikia tarehe 20, na haikupunguzii hata gharama ya kopo la rangi: 28,875. Agenti akichukua asilimia 10, hiyo ni 38,500. Weka 60,000 za mabomba, pampu na mabati, maana chumvi ya bahari haina huruma na chuma. Umebaki na 257,625 kwa mwaka, kama asilimia 3.2 ya zile milioni 8. Hati fungani za serikali (unaikopesha serikali, inakulipa riba) zimekuwa zikilipa zaidi ya asilimia 10 kwa miaka kadhaa sasa. Utaniambia nyumba hupanda bei. Ni kweli, lakini hilo ongezeko huli mpaka uuze.

Na ukiuza baadaye, hapo ndipo wengi hujikwaa. Faida ya kuuza nyumba au ardhi inatozwa ushuru wa asilimia 15 tangu Januari 2023. Kabla ya hapo ilikuwa 5. Makao yako mwenyewe yamesamehewa, bora uwe umeishi humo miaka mitatu mfululizo hadi siku ya kuhamisha umiliki. Wewe bado uko ndani, kwa hiyo msamaha ni wako. Ukimweka mpangaji leo na kuuza mwaka kesho kutwa, hata kwa bei hii hii, faida yako ya milioni 4.5 itakatwa kama 675,000. Hiyo ni kodi uliyobaki nayo ya zaidi ya miaka miwili na nusu, yote imekwenda.

Ningekuwa wewe ningeuza, na ningemwomba wakili akimbize makaratasi kabla sijafunga mizigo. Lakini kama moyoni unajua utarudi Mombasa baada ya miaka miwili mitatu, pangisha. Kujenga au kununua upya kutakuuma zaidi.

Niko Muscat mwaka wa sita. Binamu yangu ndiye anayesimamia nyumba yangu ya Likoni. Mwaka huu pesa zimenifikia mara tatu tu. Niuze?

Ndugu yangu, nyumba haijakukosea. Andika mkataba mpya kwa jina lako, kodi iingie moja kwa moja kwenye akaunti yako ya benki, na binamu alipwe ada yake baada ya wewe kuiona pesa. Uliza pia mhasibu kama bado unahesabiwa mkazi wa Kenya, kwa sababu asiye mkazi hukatwa asilimia 30 ya kodi, si 7.5. Ukiona hesabu hiyo haikulipi, uza, lakini hati ya uwakilishi, ile ya kukusainia ukiwa mbali, mpe wakili. Binamu asiiguse.

Tumerithi nyumba ya Kiswahili Majengo, vyumba sita. Ardhi si yetu. Marehemu baba alikuwa akimlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja. Tunaweza kuuza?

Mnaweza. Nyumba bila ardhi zinauzwa Mombasa miaka nenda miaka rudi. Kwanza mirathi iishe (kama ni Waislamu, kwa Kadhi), mkusanye risiti zote za kiwanja, na mwenye ardhi akubali kwa maandishi kumpokea mnunuzi. Ila jueni mnachouza ni kuta na paa. Benki haitamkopesha mnunuzi wenu, kwa hiyo atakuja na pesa taslimu na bei ya kuwalaza chini. Hapa shauri langu linageuka: pangisheni. Vyumba sita kwenye korido moja, kila kimoja na mpangaji wake, vinaingiza pesa ambayo bei ya kuuza haionyeshi kabisa. Mmoja wenu awe mkusanyaji, na daftari lionwe na wote.

Anayetaka kupanga nyumba yangu ni shemeji, na anaomba nimpunguzie. Nimkubalie?

Mpunguzie ukipenda, ila mkataba usainiwe. Kama unaona haya kumpa karatasi leo, sijui tarehe 5 utamdaije.