Mbwa wa mbuzi amevunjika mguu: nimtibu kwa pesa ya nyumba?

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh. Mimi ni mjane, naishi kijijini wilaya ya Muheza na watoto wangu watatu wadogo. Marehemu mume wangu alituachia mbuzi 16 na mbwa anayewalinda. Juzi bodaboda ilimgonga mbwa huyo, mguu wa nyuma umevunjika na mfupa umetokeza nje. Amelala chini ya mwembe, hali chakula, analamba kidonda tu, na jioni mbuzi wakirudi anajaribu kuinuka awafuate. Daktari wa mifugo anasema apasuliwe, gharama ni shilingi 180,000. Shemeji yangu anasema mbwa ni najisi na pesa ya mbwa ni haramu, nikamtupe porini. Nifanyeje? Na khanga niliyombebea ina damu yake, nitaisafisha vipi niswalie?

JIBU: Waalaykumus salaam warahmatullaahi wabarakaatuh. Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu na akutunzie wanao.

Usimtupe. Nimeanza na hilo kwa kuwa maelezo yanaweza kusubiri, mfupa ulio wazi hauwezi.

Shemeji yako ameshika jambo la kweli akaliweka pasipo pake. Ni kweli kwamba katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na wengi wetu hapa pwani, mbwa ni najisi nzito, mwili wake, mate yake na damu yake. Wamaliki, yaani wafuasi wa Imamu Malik, wao wanasema mbwa aliye hai ni tohara, lakini sikuhamishi madhehebu kwa ajili ya jambo hili, kwani huna haja ya kuhama. Unajisi unahusu kuosha. Haumwondolei mnyama haki yake ya kulishwa, kunyweshwa na kuhurumiwa.

Sikiliza wanachuoni wetu haohao wa Kishafi wanavyosema katika mlango wa kutayamamu. Mtu yuko safarini, ana maji ya kutosha udhu tu, na pamoja naye yuko mbwa wa mifugo au wa kuwindia, ana kiu. Wanasema maji anyweshwe mbwa, na mwenyewe atayamamu kwa udongo. Mnyama wa namna hiyo wamempa jina, wanamwita muhtaram, yaani mwenye heshima. Na hao ndio waliotuambia kwamba akikugusa akiwa majimaji, uoshe mara saba. Kila ninapofika mlango huo darasani huwa nasimama, nawaambia wanafunzi waurudie, kwa sababu wengi wetu tumehifadhi zile mara saba na haya ya maji ya udhu hatukuyasikia kabisa.

Tena Mtume (s.a.w.), katika hadithi ya Abu Huraira iliyomo kwa Bukhari na Muslim, alitueleza habari za mtu aliyeshikwa na kiu njiani, akateremka kisimani akanywa. Alipotoka akamkuta mbwa anahema, anakula udongo kwa kiu. Akajisemea, mbwa huyu yamemfika yaliyonifika mimi. Akateremka tena, akajaza maji khofu yake, yaani kiatu chake cha ngozi, akaibana kwa meno akapanda nayo, akamnywesha. Mwenyezi Mungu akampokelea kitendo chake akamsamehe. Maswahaba wakauliza, hata kwa wanyama tunapata ujira? Akasema katika kila chenye ini bichi muna ujira, yaani kila kiumbe kilicho hai. Huyo hakuwa mbwa wake wala hakuwa akimlindia kitu. Wako wewe amelala nje ya zizi miaka yote hiyo.

Kuhusu ile hadithi ya kupungukiwa thawabu kiratwi, yaani kipimo cha thawabu, kila siku kwa kufuga mbwa, Mtume mwenyewe amewatoa mbwa wa mifugo, wa kuwinda na wa shamba. Wako ni wa mifugo. Hata angekuwa wa kufugwa kwa mapenzi tu, kosa lingekuwa katika kumfuga. Kumtibu akiumia kungebaki kuwa rehema yenye ujira.

“Pesa ya mbwa ni haramu” nayo ina asili yake. Katika hadithi ya Abu Mas'ud al-Ansari, Mtume amekataza thamani ya mbwa, yaani bei ya kumuuza. Wewe humuuzi. Unamlipa daktari ujira wa kazi ya mikono yake na thamani ya dawa.

Huenda shemeji akasema, mbwa wa miguu mitatu ana kazi gani tena? Izz ad-Din ibn Abdis-Salaam, mwanachuoni mkubwa wa Kishafi aliyefariki mwaka 660 Hijria (1262), alipotaja haki za wanyama juu ya mwanadamu alianza na kuwalisha kama inavyostahiki, hata wakilemaa au wakiugua mpaka wasiwe na faida tena. Manufaa yakikatika, haki inabaki.

Sasa pesa, na hapa ndipo ninapokuomba uwe makini zaidi. Kulisha na kunywesha ni wajibu. Upasuaji wa gharama kubwa siwezi kukuambia ni wajibu juu ya mjane mwenye watoto watatu. Chakula cha watoto kinatangulia. Pia mbuzi 16 si wote wako. Baada ya madeni na wasia, wewe una thumuni, yaani sehemu moja ya nane, ambayo kwa mbuzi wanaolingana thamani ni wawili, na waliobaki ni wa warithi wengine, wakiwemo mayatima wako. Mwenyezi Mungu amesema katika Suratul An'am, aya ya 152, tusiikaribie mali ya yatima ila kwa njia iliyo bora. Pumba na mabaki anayokula mbwa anayewalindia mbuzi wao hayana neno, ni kama posho ya mchungaji. Lakini 180,000 ninaona uitoe katika fungu lako, hata kwa kuuza mmoja wa wale wawili ukiridhika, au jamaa wakuchangie sadaka. Zaka isiguswe, ina watu wake.

Ikishindikana, muulize daktari bei ya kuukata mguu badala ya kuunga mfupa. Mara nyingi huwa nafuu, na mbwa hutembea vizuri kwa miguu mitatu. Mwombe umlipe kidogo kidogo, hakuna aibu. Akisema hakuna matumaini kabisa, Wamaliki wanaruhusu kumpumzisha, yaani kumuua kwa kumhurumia, mnyama asiyeliwa aliyekatiwa tamaa, ingawa kwetu Mashafi wamekataza. Katika hali hiyo sitakulaumu ukichukua kauli ya Wamaliki, kwa mkono wa daktari na kwa sindano isiyomtesa. Panga na rungu hapana.

Khanga yako ioshe. Toa damu kwanza. Hata ukisugua mara nyingi mpaka itoke, huko kote kunahesabiwa kuosha mara moja. Kisha chukua udongo safi, uvuruge na maji katika beseni mpaka yawe mazito kama chai ya maziwa, uimwagie khanga yote, halafu malizia na maji safi mpaka zitimie saba. Sabuni haishiki nafasi ya udongo. Ulipomgusa pakiwa pakavu kwa pakavu, hapana la kuosha. Kumbeba hakukuwa dhambi, ilikuwa haja.

Hadi daktari afike, usimpe diklofenaki wala ibuprofeni mliyonunua kwa ajili yenu, zinaweza kumuua. Watoto wasimsogelee, mnyama mwenye maumivu huuma hata anayempenda. Akimuuma mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Mbwa mwekee maji karibu na mdomo wake, palepale mwembeni, asilazimike kuinuka.

Wallaahu a'lam.