Bendi ya jazi ya Kilatini Unguja: mtafute kwanza mpiga mkwasa

Vijana wanaotaka kuunda bendi ya jazi ya Kilatini hapa mjini huanza kwa kusaka mpiga piano na saksofoni. Mimi nasema mtafuteni kwanza mpiga mkwasa, yaani vijiti viwili vya kugonganisha. Muziki huu umesimama juu ya klave: vijiti viwili, mapigo matano, matatu upande mmoja na mawili upande wa pili, na kila chombo hujipanga kwa kuyafuata. Machito na shemeji yake Mario Bauzá walipounda bendi yao New York mwaka 1940, waliweka ngoma za Kikuba chini na wapulizaji wa jazi juu. Mpangilio huo haujapitwa na wakati.

Sisi mtu wa vijiti hatumtafuti mbali. Kidumbaki, ngoma yetu ya harusi iliyo ndugu wa taarab, kina mkwasa, kina cherewa za kutikisa, kina sanduku lenye uzi mmoja linalofanya kazi ya besi. Aliyezoea kupiga mkwasa kwenye harusi za Ng'ambo, huku akina mama wanacheza na kutunza, hababaiki. Mpigo wake si ule wa Kuba, lakini ataushika upesi kuliko msomi wa nota ambaye mkono haujatulia. Anayesumbua zaidi ni mpiga besi, maana besi ya Kikuba hulikwepa pigo la kwanza, na mtu wa dansi anataka kulikanyaga. Mkalishe na mpiga tumba, zile ngoma ndefu za Kikuba, wawili tu, mpaka aache kulikanyaga.

Na kabila? Kwenye bendi yetu kanuni, chombo cha taarab chenye nyuzi nyingi, anapiga mtu wa Mji Mkongwe, tumba Mmakonde, tarumbeta kijana wa bara aliyejifunzia kanisani. Watu hutarajia ugomvi wa asili na dini. Kilichotugombanisha sisi ni sauti. Rasti na bayati, ngazi za sauti za Kiarabu zinazotumika kwenye taarab, zina robo sauti, yaani sauti zinazoangukia katikati ya vibao vya piano, na piano haina. Mara ya kwanza piano na kanuni kupiga pamoja, mzee wa kanuni alivua vidonoo vya vidoleni anavyopigia nyuzi, akaviweka chini na kuuliza nani kati yao hajatyuni. Hakuna aliyekosea, ila vyombo haviafikiani. Tulichofanya, na nakushauri ufanye hivyo hivyo: nyimbo za wote zitungwe kwa nahawandi au hijazi, ngazi nyingine ambazo piano inazimudu. Rasti muachie kanuni peke yake, apige taksimu yake, yaani kipande cha kubuni papo hapo, juu ya tumba na mkwasa, piano inyamaze kabisa. Wageni hotelini hupenda kipande hicho kuliko vyote, jambo linalomuudhi kidogo mpiga piano.

Usigawe karatasi za nota siku ya kwanza. Waliopita DCMA, chuo cha muziki cha hapa Zanzibar, watazisoma, lakini wakongwe wa vilabu wengi hushika kwa sikio na wataona umewadharau. Imba kipande, kirudieni, halafu anayetaka karatasi apewe. Ukitaka kumueleza mtu wa taarab mpigo, mwambie rumba au bolero. Anayajua tangu zamani, kwani sahani za santuri za Kikuba zilisambaa Afrika tangu miaka ya 1930.

Mazoezi yawe baada ya Isha, siku za kazi. Ijumaa mchana na Jumapili asubuhi msiziguse. Masika ngozi za tumba hulegea, kwa hiyo mpigaji afike mapema azitie moto. Malipo yahesabiwe mbele ya wote: toa nauli na kodi ya vipaza sauti, kisha gawa sawa, na mwenye vijiti apate sawa na mwenye saksofoni. Meneja wa hoteli akihoji, mtoe mpiga mkwasa kwa wimbo mmoja, meneja aisikie tofauti mwenyewe.

Ramadhani hakuna shoo. Wenzetu wa bara huvuka kwenda Dar kutafuta riziki, na wengine hupata bendi hukohuko. Waulize kabla mwezi haujaandama nani atarudi Idi, na uwe na namba ya mpiga tarumbeta wa pili.